Wimbo Uliokosesha Watu Usingizi

Ulimi hauna mfupa, na wimbo vivyo hivyo. Mwaka 1981 kundi la Tommy Tutone la Marekani lilitoa wimbo juu ya Jenny, msichana ambaye nambari yake ya simu imeandikwa ukutani. Kiitikio ni nambari yenyewe, tarakimu saba. Mwaka 1982 ulipanda hadi nafasi ya 4 nchini humo.

Ole wao wenye nambari hiyo! Kila eneo la simu laweza kuwa nayo, basi nyumba nyingi zikapigiwa hata usiku wa manane: "Jenny yupo?" Wengine wakabadilisha nambari.

Mimi mtunzi nasema: wazee wetu walimwita mpenzi ua au njiwa. Fumbo lile halikuwa haya tu. Lilimsitiri na jirani.