Acheni Kupima Uigizaji kwa Machozi

Swali ni lile lile, liulizwe na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, mwandishi wa habari au jirani aliyetoka kutazama tamthilia ya usiku: "Mwalimu, yule alilia machozi ya kweli?" Nikijibu kwamba sijui na wala si muhimu, linafuata la pili: "Sasa mimi nifanyeje ili nilie?" Nafundisha uigizaji wa mbele ya kamera, na maswali haya mawili yamenichosha. Yanawaharibia kazi vijana wenye kipaji, na yanawafanya watazamaji wawapite waigizaji bora bila kuwaona.

Tuanze na chozi ambalo kila mtu analitaja. Filamu ni Glory ya mwaka 1989. Denzel Washington ni Trip, mtumwa aliyetoroka akajiunga na kikosi cha askari weusi katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Ametoka kambini bila ruhusa kwenda kutafuta viatu, amekamatwa, na adhabu yake ni mijeledi mbele ya kikosi kizima. Wanamvua shati, mgongo una makovu ya mijeledi ya zamani. Anachapwa, na chozi moja linateremka shavuni. Mwaka uliofuata alipewa Oscar ya muigizaji msaidizi bora, na tangu hapo watu wanalizungumzia chozi lile kana kwamba ndilo lililopanda jukwaani kupokea tuzo.

Irudie sini hiyo, na safari hii tazama kila kitu isipokuwa chozi. Trip hataki kulia. Amemkazia macho kanali aliyeamuru achapwe, taya limebana, na kila mjeledi unapotua anajikaza ili yule mkubwa wake asione amevunjika. Ana kazi moja tu: sitashindwa mbele yako. Chozi limemponyoka, naye anaendelea na kazi yake kana kwamba halipo. Kinachotuumiza ni ule ukaidi. Mpe Denzel tone la gliserini badala ya chozi, tungeumia vile vile. Mpe mtu mwingine aangue kilio pale, tungeona mtu anachapwa, basi.

Sasa tiba za mtaani, maana ndizo zinazonikera zaidi. Kitunguu kwanza. Jicho lililochomwa na kitunguu linajisafisha: kope zinafumba na kufumbua haraka haraka, ngozi ya pembeni inajikunja, weupe unageuka mwekundu, na mwenyewe anatamani kujifuta. Jicho la mwenye majonzi huwa linajaa taratibu likiwa wazi, na ncha za ndani za nyusi hupanda. Kamera ikisogea, uso unajaza skrini nzima, na mtazamaji ambaye hajawahi kufikiria habari za tezi za machozi anahisi kuna uongo hapa. Dawa ya kupaka ya mafua ni balaa zaidi. Hiyo ina mentholi na kafuri, na maelezo yake yanakataza isikaribie macho, lakini bado naona watu kwenye seti wakiipaka chini ya kope kwa kidole ambacho hakijanawa tangu asubuhi. Ukijeruhi jicho kwa ajili ya sini moja, sini zilizobaki utazicheza na nini?

Halafu kuna tiba inayojifanya ya kisomi: mkumbuke marehemu mama yako. Hii wanamsingizia Stanislavski wa Moscow, mwalimu wa uigizaji. Ni kweli aliwahi kufundisha kumbukumbu za hisia, lakini wanaomtaja hawasemi kwamba baadaye mzee mwenyewe alizisogeza kando, akaweka mkazo kwenye vitendo. Muigizaji wa Marekani Stella Adler alimfuata Paris mwaka 1934, akafanya naye kazi, akarudi New York kuwaambia wenzake kwamba wanashika njia ambayo mwenye njia ameiacha. Miongoni mwa waliokuja kufundishwa na mama huyo ni Marlon Brando.

Ubaya wa tiba hii nauona darasani. Kijana anacheza sini ya mtoto aliyerudi nyumbani kumwomba baba yake msamaha. Amesimama, macho sakafuni, anamkumbuka bibi yake aliyezikwa. Machozi yanatiririka, wenzake wanashangilia. Mwenzake anayecheza baba amebadilisha mstari makusudi, amemwambia atoke ndani ya nyumba, na kijana hajasikia, anaendelea kuomboleza kama alivyopanga. Kijana yuko makaburini wakati baba yuko sebuleni. Nikamwambia asahau machozi, ashike kikombe cha chai, kazi yake iwe kumfanya baba akinywe. Baba akakisukuma. Akakirudisha. Baba akakimwaga. Kijana akabaki anapangusa meza kwa mkono wa shati, akajaribu kusema "shikamoo baba," sauti ikakatika katikati ya neno. Hakuna chozi lililotoka, na darasa halikushangilia, lilinyamaza.

Kwenye seti hasara inakuwa ya fedha. Sini moja hupigwa mara nyingi: kwa mbali ikionyesha chumba kizima, kisha kwa nyuma ya bega la mwenzako, kisha picha ya karibu. Anayemkumbuka mama anamaliza machozi yote kwenye picha ya mbali, ambako hakuna anayeyaona. Kamera ikifika usoni amekauka, pua nyekundu, koo limefunga, maneno hayasikiki. Mhariri akiunganisha, mtu analia, halii, analia tena, ndani ya sentensi moja.

Msinielewe vibaya, sina ugomvi na muigizaji anayelia. Viola Davis katika Doubt ya mwaka 2008 analia hadi makamasi yanamtoka, na kwa sini ile fupi aliteuliwa kuwania Oscar. Lakini sikiliza mama anayemcheza anataka nini. Mkuu wa shule amemwita kumwambia kwamba huenda padri anamnyemelea mwanawe. Yeye anachoomba ni mtoto abaki shuleni hadi Juni, amalize. Anajieleza, anabanwa, anajieleza tena, na kila mlango ukifungwa ndipo uso unalowa. Davis anapigania mwezi wa Juni. Ukimwiga kulia bila kuiga kupigania, utabaki na makamasi tu.

Na wako wakubwa ambao hoja ya machozi haiwagusi kabisa. Forest Whitaker alifika Uganda kumcheza Idi Amin katika The Last King of Scotland ya mwaka 2006, akajifunza Kiswahili, akazungumza na watu waliomfahamu Amin. Tazama Amin anapokutana barabarani na daktari kijana. Daktari amenyakua bastola ya Amin na kummaliza ng'ombe aliyekuwa anateseka. Amin amekasirika, askari wameshika silaha, hewa imekuwa nzito. Anaposikia kijana ni wa Scotland, uso unachanua kama wa mtoto, anavua shati la jeshi wabadilishane na fulana. Tangu hapo hutulii tena, maana umeona hasira na upendo vikitoka mlango mmoja. Lupita Nyong'o katika Us ya mwaka 2019 anacheza wanawake wawili wenye sura moja, na unawatofautisha kwa pumzi, shingo na mwendo kabla hawajasema lolote. Kwetu, marehemu Mzee Majuto alituvunja mbavu kwa sababu mhusika wake hakujua kuna kichekesho. Alikuwa na shida ya kweli, akiitafutia ufumbuzi wa ajabu kwa moyo wote. Ndiyo maana tukisema "ameuvaa uhusika" tunapaswa kuwa tumeangalia anachokihangaikia mhusika, tuache kuhesabu matone.

Kwa anayetazama: zima sauti dakika chache, umwangalie asiyezungumza. Je, anasikiliza, au anasubiri zamu yake?

Kwa anayeigiza na kesho ana sini ya kilio: andika kwa mstari mmoja unachokitaka kwa aliye mbele yako. Tafuta kitu cha kushika. Zuia kilio, usikitafute. Pumua chini, tumboni, sauti isifunge. Mwombe mwongozaji aanze na picha ya karibu ukiwa bado mbichi. Machozi yasipokuja, geuza mgongo, mabega yanatosha. Mwongozaji aking'ang'ania kuona maji, mtu wa mekapu ana gliserini: tone moja, juu ya shavu na si ndani ya jicho, taa zikiwa tayari, sekunde chache kabla ya kuanza kurekodi.