MBWA WAKO, USINGIZI WA JIRANI

Kule Ipililo, Maswa, mkoani Simiyu, mbwa akibweka usiku wa manane watu wanatoka na tochi: huenda fisi kanusa zizi. Sasa mlete mbwa huyohuyo Sinza, Dar es Salaam, ukuta kwa ukuta na muuguzi aliyetoka zamu ya usiku. Hapo ndipo kasheshe!

Jirani akija kulalamika, usimjibu "kama hupendi, hama". Mpe pole, muulize mbwa anapiga kelele saa ngapi. Wengi wanabweka kwa sababu wamefungwa mnyororo mchana kutwa, wapweke, au wanamwona kila mpita njia. Hamishia banda nyuma ya nyumba, mtembeze jioni. Na kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa uwe nayo, maana mwenye watoto haogopi kelele tu.

Na wewe unayekoseshwa usingizi, habari ya kutupa nyama yenye sumu achana nayo kabisa. Mtoto anaweza kuiokota, jamani! Ongea na mwenye mbwa kwanza. Akileta jeuri, nenda kwa mjumbe, halafu mwenyekiti wa mtaa. Kanuni za kudhibiti kelele zipo tangu 2015, chini ya Sheria ya Mazingira ya 2004. Andika siku na saa za kero, usiende mikono mitupu.