Linda Vidole Unapotua Mzigo Mzito



Wakati wa kiangazi watu wengi hujenga. Husomba mawe, hupakua matofali na huinua nguzo. Kazi hizi huumiza vidole. Kidole kikibanwa kati ya mawe mawili, mfupa unaweza kuvunjika. Mtu asiyeweza kushika jembe atalimaje?

Hatari kubwa ipo wakati wa kutua mzigo. Wakati huo vidole viko chini ya jiwe, mikono imechoka, na pengine mwenzako anaachia kabla yako.

Kabla ya kuumia fanya hivi:

1. Vua pete kabla ya kuanza kazi.

2. Weka vijiti viwili vinene mahali utakapotua jiwe. Jiwe likae juu ya vijiti, nawe utoe vidole. Kisha lisogeze kwa mtarimbo.

3. Mkibeba watu wengi, mmoja tu atoe amri: "Moja, mbili, tua!"

4. Jiwe likiponyoka, usilidake. Liache lianguke, nawe ruka pembeni.

Ukiumia fanya hivi:

Vua pete upesi kabla kidole hakijavimba. Kama damu inatoka nyingi, kandamiza kidonda kwa kitambaa safi kwa dakika 10 bila kuachia. Inua mkono juu. Damu ikikoma, osha kwa maji safi na sabuni, kisha funga. Usitie majivu, udongo, mavi ya ng'ombe wala mafuta ya taa. Usitoboe kucha iliyovilia damu. Nenda zahanati siku hiyo hiyo, hasa kama kidole kimepinda, kimekufa ganzi au hakikunjiki.

Wengine husema, "Ni kidole tu, kitapona." Lakini vijidudu vya pepopunda hukaa katika udongo na mavi ya wanyama. Huweza kuingia hata katika kidonda kidogo. Mara nyingi dalili huanza kati ya siku 3 na 21. Taya hukaza, shingo hukaza, mwili hukakamaa. Pengine kidonda chenyewe kimekwisha kupona. Ugonjwa huu huua.

Sindano ya kinga ipo. Akina mama wengi huchanjwa wakati wa uja uzito, lakini akina baba wengi hukosa. Basi wewe baba, ukiumia, mweleze mganga lini ulichanjwa mara ya mwisho. Kama hukumbuki, sema hukumbuki. Atajua la kufanya.

Kesho, kabla ya kuinua jiwe la kwanza, tafuteni vijiti viwili.