Mtoto Aliyezaliwa Bwera: Ni Mganda au Ni Mkongomani?



Kuna swali ambalo kila mara linarudi katika familia zetu: "Mtoto tulimzaa hapa Uganda, hospitalini Bwera, na cheti cha kuzaliwa anacho. Si yeye tayari ni Mganda?" Mwezi huu tumeona vema kulijibu wazi.

Jibu ni hapana: cheti peke yake hakitoshi. Kinasema mtoto alizaliwa wapi, lini, na wazazi wake ni nani. Hakimpi uraia.

Katiba ya Uganda ya 1995, kifungu cha 10, inaangalia ukoo. Aliyezaliwa Uganda ni raia kama mzazi wake mmoja, au babu au bibi yake, ni wa kabila mojawapo lililokuwa likiishi ndani ya mipaka ya Uganda tarehe 1 Februari 1926. Wakonzo wamo katika orodha hiyo. Na sisi tunajua kwamba Mkonzo wa Mahango na Mnande wa Beni ni ndugu. Mpaka waliupitisha Waingereza na Wabelgiji katikati yao. Basi, kama bibi ya mtoto alikuwa Mkonzo wa upande huu, haki inaweza kuwapo. Lakini lazima ithibitishwe. Kusema Lukonzo tu si ushahidi.

Njia ya pili ni kuandikishwa, kifungu cha 12. Hapo ndipo penye uchungu: aliyezaliwa hapa haandikishwi kama mzazi wake, au hata babu yake, alikuwa mkimbizi Uganda. Yaani ukimbizi wa babu unamfuata mjukuu.

Njia ya tatu ni kuomba uraia kama mgeni aliyekaa muda mrefu. Sheria inataka miaka 20 kwa jumla, na miezi 24 ya mwisho bila kukatika, tabia njema, nia ya kubaki, na kujua Kiingereza au lugha ya wenyeji inayokubaliwa. Kesi ilipelekwa Mahakama ya Katiba mwaka 2010. Mwaka 2015 mahakama ilisema mkimbizi hawezi kuandikishwa, lakini njia hii ya tatu haikufungwa kwake. Ila kwa matendo, jamani, mlango ni mwembamba sana.

Je, mtoto hana nchi? Anayo. Kwa sheria ya Kongo ya 2004, mwenye baba au mama Mkongomani ni Mkongomani, hata akizaliwa ng'ambo. Lakini mjue pia: Katiba ya Kongo ya 2006 haikubali uraia wa nchi mbili.

Na wakati tunangoja, Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inampa mkimbizi ruhusa ya kufanya kazi na kutembea, na mtoto wake anasoma shule ya msingi kama mtoto wa raia.

Kwa hiyo, baba na mama:

- Andikisheni kila mtoto anayezaliwa, hata wale waliochelewa.
- Hakikisheni jina lake limeingia kwenye karatasi ya familia kwa OPM.
- Ulizeni wazee wangali hai: babu alizaliwa kijiji gani, ukoo gani? Andikeni.
- Asiwadanganye mtu eti anauza uraia. Kitambulisho cha uongo ni kosa la jinai.

Karatasi zitunzeni pakavu. Siku moja mtoto ataziuliza.