Lita 4 kabla ya kamera

Katika masharti yote ya kolonoskopi, kipimo cha kuchungulia utumbo mpana kwa kamera, lile linaloweza kumtisha zaidi mkazi wa Goma, mashariki mwa Kongo, halihusu kamera. Linahusu maji. Siku moja kabla, mgonjwa hutakiwa anywe dawa ya kusafisha matumbo iliyochanganywa na maji, kwa kawaida lita 2 hadi 4, kisha aende chooni tena na tena mpaka kinachotoka kiwe chepesi, cha manjano hafifu, kisicho na chembe. Kwa ufupi, anaagizwa aharishe kwa makusudi.

Katika mji huu agizo hilo ni zito. Julai 1994 wakimbizi kutoka Rwanda walimiminika Goma kwa mamia ya maelfu, na karibu 50,000 kati yao walikufa katika mwezi wa kwanza, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu. Kipindupindu hakijahama Kivu. Hurudi mara kwa mara, hasa kwenye kambi za waliokimbia vita na kwenye mitaa ambayo maji hufika kwa bidoni za lita 20, zikibebwa kichwani, kwa pikipiki au kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Aliyekulia hapa amejua tangu utotoni kwamba kuharisha hakuchukuliwi kwa wepesi. Akikunja uso mbele ya karatasi ya maagizo, asidhaniwe kuwa ni mjinga au mwoga. Anakumbuka.

Anachostahili ni maelezo. Sumu ya kipindupindu hulazimisha kuta za utumbo mwembamba kumwaga maji na chumvi kutoka mwilini, na ndiyo maana mtu anaweza kufa ndani ya saa chache. Dawa inayotumika sana kabla ya kolonoskopi, polietilini glaikoli, hufanya kazi kwa njia nyingine. Chembe zake hushikilia maji yaleyale aliyoyanywa mgonjwa, yasifyonzwe, yapite moja kwa moja yakikokota uchafu. Dawa hiyo huchanganywa na chumvi zilizopimwa ili mwili usipoteze wala kuongeza nyingi. Zipo dawa nyingine ambazo huvuta maji ya mwili, kwa hiyo mwenye ugonjwa wa figo, wa moyo au wa kisukari hana budi kumwambia daktari kabla ya kunywa chochote. Maji ya kuchanganyia lazima yawe salama, na choo kiwe karibu. Katika mji uliojengwa juu ya mawe ya volkano, ambako kuchimba shimo la choo ni kazi ya jasho na familia kadhaa huweza kushiriki choo kimoja, muuguzi anayeuliza mapema mgonjwa atalala wapi usiku huo amekwisha kuanza kumtibu.

Hofu yenyewe ni tukio la mwili. Ubongo ukihisi hatari, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini, moyo hukimbia, misuli hukaza. Utumbo una mtandao wake wa mamilioni ya seli za neva zinazowasiliana na ubongo mchana na usiku, na ndiyo sababu wasiwasi huhisiwa tumboni. Mtu aliyekaza misuli huhisi maumivu upesi zaidi, na mara nyingi huhitaji dawa nyingi zaidi ya kumtuliza.

Mjini Goma wasiwasi huo hukuta mwingine. Kundi la waasi la M23 lilipouteka mji mwishoni mwa Januari 2025, uwanja wa ndege na benki zilifungwa. Anayetumwa kwenye kipimo kisichopatikana kila hospitali huwaza kwanza pesa na njia, pengine hata kuvuka mpaka kwenda Rwanda. Tena wengi hawaendi kupimwa wakiwa wazima, kwani hakuna mpango wa kuwachunguza watu wote. Huenda wakiwa wameona damu chooni, wamemeza dawa za amiba, wamedhani ni bawasiri, na damu haijakoma. Swali wanaloingia nalo ni moja: je, ni saratani?

Kwa muda mrefu jibu lilionekana rahisi. Daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyefanya kazi Uganda tangu miaka ya 1940, aliona saratani ya utumbo mpana kuwa adimu Afrika, na mwaka 1971 aliandika kwamba huenda sababu ni chakula chenye nyuzinyuzi nyingi. Leo ugonjwa huo ni wa tatu kwa wingi kati ya saratani duniani, ukiwa na wagonjwa wapya zaidi ya milioni 1.9 mwaka 2022, na Afrika Mashariki haiko tena nje ya hesabu. Lakini damu chooni ina sababu nyingi: amiba, kichocho, kifua kikuu cha utumbo, vidonda, bawasiri. Kamera huzitofautisha, na uvimbe mdogo ambao haujageuka saratani huweza kuondolewa papo hapo.

Na kuhusu maelezo anayostahili mgonjwa, sayansi imepima nguvu ya maneno kabla ya tiba. Mwaka 1964, huko Boston, daktari wa usingizi Lawrence Egbert na wenzake waliwagawa wagonjwa 97 waliokuwa wakisubiri upasuaji wa tumbo. Baadhi walielezwa maumivu yatakuwa wapi, yatadumu muda gani na wapumue vipi ili wayapunguze. Hao walihitaji karibu nusu tu ya dawa kali za maumivu walizohitaji wenzao, wakaruhusiwa kwenda nyumbani zaidi ya siku 2 mapema.

Kolonoskopi nayo imechunguzwa. Mwaka 1996 Donald Redelmeier na Daniel Kahneman walichapisha utafiti uliofanyika Toronto, ambamo wagonjwa walitaja kiwango cha maumivu kila dakika wakati kipimo kikiendelea. Kwa wengine kilichukua dakika 4, kwa wengine 67. Baadaye urefu huo haukuamua walikumbuka nini. Kilichobaki kichwani kilikuwa kilele cha maumivu na hali ya dakika za mwisho. Maana yake kwa anayesubiri ni kubwa: simulizi za kutisha anazozisikia kwa jirani ni kumbukumbu ya kilele na ya mwisho, si ya safari nzima.

Basi aambiwe ukweli kwa utaratibu. Siku chache kabla ataacha sombe (majani ya muhogo), maharage na vyakula vyenye mbegu, na siku ya mwisho atakunywa vimiminika tu. Atalala ubavu wa kushoto, amefunikwa. Mrija una unene wa kidole, na mara nyingi mgonjwa hupewa dawa ya kumsinzisha. Hewa inayopulizwa itamfanya ahisi kubanwa na haja, na kuitoa si aibu, wahudumu wanaitarajia. Anaweza kuomba wasimame kidogo, kuuliza kama atahudumiwa na muuguzi wa kike au wa kiume, na kuja na ndugu wa kumrudisha, kwa sababu siku hiyo hatakiwi kuendesha hata pikipiki. Utumbo hutobolewa mara chache sana, chini ya mara 1 katika vipimo 1,000. Vipande vikikatwa kwa uchunguzi, aulize majibu yatatoka lini na nani atamsomea. Na akipata maumivu makali yasiyoachia, homa au damu nyingi baada ya kufika nyumbani, arudi hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.