Thumuni au Robo? Jawabu la Haraka na Haki ya Mjane

Mume amefariki, mjane yuko edani, na jamaa wamekaa kuzungumzia mirathi. Mmoja wao anashika simu na kuuliza: mke hurithi kiasi gani? Mara jawabu latokea: thumuni. Lasomwa mbele ya watu, na kikao chafungwa.

Jawabu hilo si la uongo. Lakini huenda si la mjane huyu.

Aya ya 12 ya Sura An-Nisaa imemwekea mke mafungu mawili. Marehemu akiwa ameacha mtoto, au mjukuu kwa mwanawe wa kiume, mke hupata thumuni. Asipoacha, hupata robo. Mtoto huhesabiwa hata akiwa wa mke mwingine, na wake wakiwa zaidi ya mmoja hugawana fungu hilo hilo. Deni na wasia hutangulia mafungu yote, na mahari ambayo mume hakuilipa ni deni.

Tuchukue mfano. Marehemu hakuacha mtoto, mjukuu wala wasia. Baada ya gharama za maziko zimebaki shilingi 2,480,000, na deni lake pekee ni mahari ya mkewe, shilingi 80,000. Mahari ikitolewa, hubaki 2,400,000, na robo yake ni 600,000. Haki ya mjane kwa jumla ni 680,000. Mwenye kushika jawabu la simu atampa thumuni ya mali yote, yaani 310,000. Zaidi ya nusu ya haki yake imepotea, na hakuna aliyekusudia kumdhulumu.

Hapa ndipo kutafuta na kuelewa vinapotengana. Anayetafuta huuliza fungu la mke ni lipi. Mwenye kuelewa huanza mbali zaidi: marehemu ameacha nani? Anadaiwa nini? Mahari ililipwa?

Simu na itumike kuipata aya, kisha aya isomwe yote, pamoja na ya 11 na ya 176. Iandikwe orodha ya warithi na ya madeni, ipelekwe kwa mwanachuoni ajuaye faraidhi. Wakivutana, iko Mahakama ya Kadhi, ambayo Katiba ya 2010 imeipa uwezo wa kuamua mirathi ya Waislamu wanaokubali hukumu yake.

Nawe mama uliyefiwa, usitie sahihi karatasi ya mgao kabla maswali hayo hayajajibiwa.