Tanbihi Iliyoachwa Njiani

Juni 2010, chama cha magavana wa Marekani na baraza la wakuu wa elimu wa majimbo walitoa viwango vya masomo vilivyopewa jina Common Core. Upande wa fasihi, waraka ule ulikuwa mkarimu kuliko unavyosimuliwa leo. Mwanafunzi wa darasa la 11 na la 12 alitakiwa azijue kazi za msingi za fasihi ya Marekani tangu karne ya 18 hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Alitakiwa pia aje darasani akiwa amekwisha kusoma, ajadiliane na wenzake, na kila anachodai akionyeshe kitabuni. Katika orodha ya mifano walikuwamo Hawthorne, Fitzgerald, Zora Neale Hurston na Toni Morrison.

Lakini kilichofika shuleni kwa kishindo ni namba: asilimia 70. Kufikia darasa la 12, sehemu hiyo ya usomaji wa mwanafunzi iwe ya maandishi ya taarifa, na fasihi ibaki na 30. Tanbihi ilieleza wazi kwamba hesabu hiyo ni ya masomo yote kwa jumla, historia na sayansi zikiwamo. Wangapi husoma tanbihi? Katika shule nyingi mwalimu wa Kiingereza alielewa, au alielezwa, kwamba mzigo ule ni wake peke yake, akaanza kupunguza riwaya. Hata mwongozo wa serikali kuhusu vifaa vya kuhifadhi joto nyumbani, uliowekwa kwenye mifano kwa ajili ya kipindi cha sayansi, uligeuka kichekesho cha nchi nzima, kana kwamba ndio utakaoirithi nafasi ya riwaya ya Fitzgerald, *The Great Gatsby*.

Sidhani walimu walikuwa wazembe. Mwalimu wa fizikia hakujiona mwalimu wa kusoma, na matokeo ya mtihani wa kusoma yakiwa mabaya, aliyeitwa ofisini hakuwa yeye. Tena haraka ilikuwa kubwa. Serikali kuu ilikuwa imetenga dola bilioni 4.35 za kushindaniwa, na jimbo lililokubali viwango vya pamoja lilijiongezea pointi. Kentucky ilivipitisha Februari, kabla nakala ya mwisho haijatoka.

Hasara ya kupunguza riwaya ilionekana kwenye mjadala wa darasani. Chukua *Adventures of Huckleberry Finn*. Katika sura ya 31, Huck, mvulana anayesimulia, anachana barua ambayo ingemrudisha Jim, mtumwa mtoro anayesafiri naye, utumwani, huku akiamini kwamba kwa kitendo hicho anajitia motoni. Mpe kijana ukurasa huo peke yake, atakuambia Huck ni mtoto mwema, basi. Aliyesafiri nao mtoni sura thelathini ndiye atakayeuliza ni jamii gani iliyomfundisha mtoto kwamba wema ni dhambi. Isitoshe, kitabu kina tusi la kibaguzi zaidi ya mara mia mbili. Toleo moja la 2011 liliweka neno "mtumwa" mahali pake. Mwalimu mwenye wanafunzi weusi wawili kati ya thelathini anahitaji kipindi kizima cha kuzungumzia tusi hilo kabla ukurasa wa kwanza haujasomwa kwa sauti. Kipindi hicho hakimo kwenye ratiba.

Phillips Exeter, shule ya binafsi huko New Hampshire, imekuwa ikifundisha kwa mjadala wa namna hiyo tangu miaka ya 1930: wanafunzi wapatao kumi na wawili, meza moja ya duara dufu, mwalimu akisema machache. Shule ya umma iliombwa matunda yale yale bila meza wala nafasi. Kijana asiyepata muda wa kusoma hukimbilia muhtasari wa mtandaoni (Wakenya waliopitia vitabu teule na miongozo yake hawahitaji maelezo), kisha anakuja darasani na maoni ya kuazima.

Indiana ilijitoa kwenye Common Core 2014, na majimbo mengine yakafuata. Ugomvi wa kisiasa kuhusu viwango hivyo ulikuwa mkubwa kiasi kwamba kosa la kawaida la utekelezaji halikupata wa kulisahihisha. Kwa maoni yangu waraka haukuwa mbaya. Maelezo kwamba asilimia 70 ni ya masomo yote yalipaswa kuandikwa katika sentensi ile ile yenye namba, na walimu wa historia na sayansi wakabidhiwe sehemu yao siku ile ile.